Namna ya Kupanda Kabobo Bila Miguu: Mwongozo kwa Mgeni wa Kalemie

Umesoma mahali kwamba kaskazini ya mji wetu wa Kalemie, milima inaposhuka hadi majini, kuna Hifadhi ya Kabobo, msitu uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 2016. Humo wamo sokwe. Yumo mbega wa Prigogine, ambaye hakuna mlima mwingine duniani unaomfuga. Yumo na ndege mdogo ambaye wataalamu walipokosa pa kumweka walimpa jina la mlima wenyewe. Umesoma pia kwamba siku hizi utalii ni wa watu wote, na wewe ni mmoja wa hao wote: unatembelea kiti cha magurudumu, au magongo, au magoti yako yalistaafu kabla yako.

Hukukosea kuja. Ukanda huu wa Ziwa Tanganyika una uzoefu mkubwa wa kupokea wageni wasiotembea, pengine kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kongo. Soma hatua zifuatazo kwa utaratibu, na usiruke hata moja, kwa sababu huwezi kuruka.

Hatua ya 1: Zaliwa mapema, tena Uingereza

Njia iliyothibitishwa ya kufika ziwani bila kutumia miguu ni kuzaliwa Uingereza kabla ya mwaka 1830. Tarehe 13 Februari 1858 Richard Burton na John Speke walifika ziwani karibu na Ujiji, ng'ambo ya pili. Burton homa ilikuwa imemlegeza miguu, akawa wa kubebwa kwenye machela. Speke macho yalikuwa yamevimba kiasi kwamba ziwa alilolitafuta kwa miezi aliliona kama moshi. Mwezi uliofuata huyo Speke akapanda mtumbwi kuja upande wetu, hadi kisiwa cha Kasenge. Njiani mdudu akamwingia sikioni, naye akamfuata kwa ncha ya kisu. Sikio likafa, mdudu naye akatoka vipande vipande kwa muda wake.

Hesabu vizuri. Msafara wa kwanza wa Wazungu kwenye ziwa hili ulikuwa na mtu asiyetembea na mwenzake asiyeona, ambaye aliondoka akiwa na sikio moja tu. Hakuna aliyewasimamisha njiani na kuwaambia, "Samahani sana, mazingira yetu bado hayaruhusu."

Miaka 11 baadaye ikawa zamu ya David Livingstone. Mapafu yalikuwa yamembana, hata kusimama hawezi. Msafara wa mfanyabiashara Mohamed Bogharib ukamlaza juu ya kitanda na kumbeba mpaka ukingo wa magharibi, huu wetu, walikofika tarehe 14 Februari 1869. Akapakiwa kwenye mtumbwi, na mwezi uliofuata akawa Ujiji. Hata alipofariki mwaka 1873 hakukosa usafiri: Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo.

Siri ya mabwana hawa haikuwa barabara, kwa kuwa barabara haikuwepo. Siri ilikuwa mabega ya watu ambao wengi wao hawakuulizwa kama wanataka kubeba. Likumbuke hilo, tutalihitaji mbele. Kwa sasa, kama ulichelewa kuzaliwa, endelea na hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Ikishindikana, jigeuze boti

Utasikia mtu akikuambia kwa uchungu kwamba milima ya huku haipitiki kwa kitu chenye magurudumu. Mwitikie kwa adabu, kisha muulize habari za Mimi na Toutou.

Hizo zilikuwa boti mbili za kivita za Waingereza, kila moja na urefu wa mita 12 hivi. Mwaka 1915 zilishushwa Cape Town, zikapandishwa treni mpaka Fungurume, halafu reli ikaisha. Zikavutwa kwa matrekta ya mvuke na kwa ng'ombe kupita juu ya milima ya Mitumba, njia ikikatwa porini na madaraja zaidi ya 100 yakijengwa mbele yake. Kutoka huko zikashuka Lualaba, zikapanda treni tena Kabalo, zikafika hapa hapa Lukuga. Tarehe 26 Desemba 1915 zilikuwa majini zikiiteka meli ya Kijerumani, Kingani.

Wajerumani nao hawakulala. Meli yao Graf von Götzen, ambayo baadaye iliitwa Liemba, ilijengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Iliteremshwa ziwani Februari 1915.

Boti hazina miguu, wala hazijui kupanda ngazi. Lakini zilipohitajika kufika, hakuna aliyesema bajeti ya mwaka huu imekwisha. Basi tunamshauri mgeni mwenye kiti cha magurudumu ajiandikishe kama chombo cha vita. Madaraja yatajengwa.

Hatua ya 3: Fika Kalemie

Una njia nne, na kila moja ina tabia yake.

Ukija kwa ndege, mlango utafunguliwa na mbele yako kutakuwa na ngazi. Andaa kauli yako mapema, kwa sababu vijana wanne wenye nia njema watakushika kila mmoja upande wake, na bila kauli yako kila mmoja atakwenda upande wake pia. Sema wewe: nani ashike wapi, nani ahesabu, tunanyanyua kwa tatu. Mtu anayebebwa ndiye kapteni. Wabebaji wenye akili wanalijua hilo; wasio na akili utawafundisha ukiwa hewani.

Ukija kwa treni kutoka Kabalo, utaona kwamba ngazi ya behewa iko mbali na ardhi. Faida yake ni kwamba treni haina haraka, hivyo mtapata muda wa kushauriana.

Ukija kwa barabara ya taifa namba 5, kutoka Lubumbashi au kutoka Uvira, utagundua kwamba pale inapoharibika inatenda haki kwa wote: mwenye miguu naye anashuka na kusukuma gari. Wewe utabaki umekaa ndani, na kwa mara ya kwanza utaonewa wivu.

Ukija kwa boti kutoka Kigoma, soma kwanza Hatua ya 5.

Kwa njia yoyote utakayochagua, uliza hali ya usalama ya wiki hiyo hiyo, tena uwaulize wenye kulala huko unakokwenda. Habari ya mwezi jana haina kazi. Jimbo letu la Tanganyika limeona vita vya kutosha, na mtu asiyeweza kukimbia anastahili kuwa wa kwanza kuambiwa ukweli.

Hatua ya 4: Jifunze vifungu viwili vya sheria

Kongo si nchi isiyo na sheria. Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka 2006 kinampa mzee na mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua maalumu. Mwaka 2015 nchi ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Mwaka 2019 serikali ilipata kwa mara ya kwanza waziri mjumbe wa kushughulikia watu wenye ulemavu, Irène Esambo. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria kamili, namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki zao. Karatasi zote hizi ni safi, zina mihuri na sahihi. Zibebe.

Kifungu cha pili ni cha 15. Hiki hutakikuta kwenye katiba yoyote, ila kila Mkongomani anakijua kwa moyo tangu utoto: jipange mwenyewe. Kifungu cha 15 ndicho kinachoendesha nchi wakati vile vingine vimelala.

Vitumie hivi: ukifika kwenye ofisi iliyo ghorofani isiyo na njia ya kupandia, tamka kifungu cha 49 kwa sauti ya heshima. Karani atashuka, atakupa pole, atakuita papa au mama hata kama amekuzidi umri, atakubali kwamba una haki kabisa, na atakuonyesha vijana wawili wamesimama chini ya mwembe. Hao ndio kifungu cha 15. Usisahau matabishi yao, yaani bakshishi.

Hatua ya 5: Panda boti

Kwenda Kabobo unaweza kufuata ziwa. Ziwa ni tambarare mpaka wakati wa kusi, upepo wa kiangazi unaopiga kutoka kusini-mashariki, ambao haujali kama umekaa au umesimama. Ondoka mapema, kabla haujachachamaa.

Tatizo la boti haliko ziwani. Liko kwenye zile mita chache kati ya mchanga na boti. Gurudumu dogo la mbele la kiti lina tabia moja tu mchangani, kuzama. Kigeuze kiti, uvutwe kinyumenyume ukiegemea nyuma, gurudumu kubwa litangulie. Utafika ukiwa unawatazama watu unaowaacha, ambayo ni namna nzuri ya kuaga. Kisha maji yanafika magotini kwa wenye magoti, na hapo unapanda mgongo wa mtu kama mzigo wenye maoni.

Ukiwa ndani, kapteni mwenye huruma anaweza kutaka kukufunga kwa kamba kwenye kiti ili usianguke. Kataa. Hapa hatutanii: kiti cha chuma hakiogelei. Kaa chini kwenye sakafu ya boti, vaa jaketi la kuelea, na kiti ndicho kifungwe peke yake. Chini yako kuna ziwa lenye kina cha mita zaidi ya 1,400 pale lilipo refu zaidi, na kiti chako hakina haja ya kuthibitisha kipimo hicho.

Kuhusu aina ya kiti, acha nyumbani kile cha bei ya gari chenye betri na vitufe. Lete kinachotumia tairi na mipira ya kinga, yaani baiskeli, maana hakuna kijiji huku kisicho na fundi wa kinga, na hakuna kijiji chenye fundi wa vitufe. Chukua na kigoda kilichotobolewa katikati. Seremala yeyote atakitengeneza, na siku utakapokutana na choo cha shimo, ambacho ni siku hiyo hiyo ya kwanza, utatuombea dua. Miongozo mingi mizuri ya utalii kwa wote imefia chooni.

Hatua ya 6: Panda mlima

Ziwa liko kwenye mita 770 hivi juu ya bahari, na kilele kinapita 2,000 kwa umbali wa kutosha. Wanaofanya utafiti huko hupanda kwa miguu na kwa mikono pia. Usikate tamaa, wengine wamepanda milima ya jirani wakiwa na pumzi za mkopo. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka ziwa usiku kutoka Kigoma akakaa miezi saba katika milima ya Fizi, kaskazini ya hapa, na pumu yake. Mapinduzi hayakufanikiwa, lakini kupanda alipanda.

Wewe utahitaji kubebwa. Babu zetu waliita chombo hicho tipoyi: kiti juu ya miti miwili, Mbeleji juu, watu wanne chini, jua juu ya wote. Picha zake zimejaa kwenye makumbusho ya Ulaya, na ndiyo sababu wageni wengi wenye dhamiri, wakiambiwa wabebwe, wanaona haya na kuomba wabaki hotelini.

Hebu tuiondoe haya hiyo. Katika msitu wa Bwindi, Uganda, mgeni asiyeweza kutembea hubebwa kwenye kiti kama hicho kwenda kuona gorila wa mlimani. Wabebaji ni vijana wa vijiji vya pembeni, wanapokezana, bei inajulikana kabla ya safari, na wenyewe kwa utani wanakiita helikopta. Miti ni ile ile miwili, mabega ni yale yale. Kilichobadilika ni kwamba mbebaji anaweza kukataa, na akikubali analipwa. Burton hakuwa na tatizo la kubebwa. Tatizo lilikuwa upande wa chini wa machela. Ukitaka kujua kama umepanda helikopta au tipoyi, usitazame kiti. Uliza aliye chini anapata kiasi gani.

Ukishafika karibu na wanyama, utasomewa kanuni maarufu: sokwe akikujia mbio, usikimbie. Wageni wenye miguu hufanya mazoezi ya kanuni hii kwa shida sana. Wewe unaimudu tayari. Hakikisha tu kwamba wabebaji nao wameisikia.

Ukiona haya yote ni mazito, tazama ng'ambo ya ziwa, kwenye milima ya Mahale ya Tanzania. Ile ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, ina hoteli za wageni wenye pesa, na ndani yake hakuna barabara hata moja: unafika kwa boti, unatembea. Kumbe hata penye mapato mtu asiyetembea anatafuta mabega. Usituonee huruma peke yetu.

Hatua ya 7: Usikutane na wenyeji

Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote kwa anayetaka kuondoka na moyo mwepesi. Kalemie ina watu wake wasiotembea. Mwaka 2017 na 2018 polio ilizuka tena katika majimbo kadhaa ya nchi, letu likiwemo, na mwaka 2023 jina la Tanganyika likasikika tena kwenye taarifa za ugonjwa huo. Ongeza vita, ajali za pikipiki, kisukari, na uzee ambao haujapata chanjo.

Utawaona sokoni na bandarini, juu ya trisikle zilizochomelewa na mafundi wa hapa, wakizungusha pedali kwa mikono. Mabega yao yanaweza kumfikisha mtu mbali sana. Wanajua kila shimo la mji huu kwa jina. Wanajua ni duka gani lina kizingiti na ni ofisi gani ina karani anayeshuka. Huo ndio utaalamu ambao washauri wa kigeni hulipwa dola kuja kuutafuta, na hupanda ndege kurudi bila kuupata kwa sababu semina ilifanyika ghorofa ya pili.

Ukimuuliza mmoja wao, "Yaya, umeshafika Kabobo?" atacheka. Anauona mlima huo mbingu inapokuwa safi. Anajua kwamba siku njia ikitengenezwa itatengenezwa kwa ajili yako, kwa kuwa wewe unalipa kiingilio kwa dola. Basi usimuulize, safari yako itaharibika.

Onyo: mambo ambayo hifadhi isithubutu kuyafanya

Tumalize na wenyeji wetu, wanaosimamia mlima na wanaowafadhili. Kuna vishawishi vingi siku hizi, na inafaa waonywe mapema.

Msijenge gati lenye mteremko. Mtalijenga kwa ajili ya mgeni wa kiti, halafu kesho yake mama mwenye beseni la ndakala, yaani dagaa, kichwani atalitumia, na mzee mwenye mkongojo, na mjamzito anayepelekwa hospitali, na kijana mwenye mfuko wa saruji. Baada ya mwezi hakuna atakayekumbuka lilikuwa la nani, na ripoti itakosa picha.

Msitengeneze kipande kifupi cha njia tambarare ukingoni mwa msitu, chenye benchi na kivuli. Mgeni anaweza kukaa hapo asubuhi nzima akisikia mbega na ndege, akaridhika. Waliopanda hadi juu watauliza kwa nini waliteseka.

Msiwafundishe vijana wa vijijini kubeba kwa usalama na kubandika bei yao ukutani. Pesa itabaki kijijini, na anayebaki na pesa ya msitu huanza kuulinda msitu bila kuambiwa.

Msimwajiri mtu wa trisikle katika ofisi ya hifadhi. Siku ya kwanza atauliza choo kiko wapi, na mkutano uliopangwa wa siku tatu utaisha kabla ya bukari, yaani ugali, ya mchana.

Msitenge siku ya wenyeji yenye bei ya wenyeji. Mgeni wa kwanza asiyetembea kuandikwa kwenye kitabu cha Kabobo anaweza kuwa mtu wa Kalemie, na mtawaeleza nini waliotarajia aje kutoka mbali?

Na kama mtashikwa na hamu isiyozuilika ya kufanya kitu kimoja tu, basi kiwe ubao. Ubao mpana, mrefu wa kutosha kutoka mchangani hadi ndani ya boti, wenye vipande vya tairi kuukuu vilivyopigiliwa misumari ili usiteleze, na kamba ya kushikilia pande zote mbili. Fundi wa boti pale ufukweni akianza asubuhi, jioni anakabidhi. Lakini tunajua kwamba jambo hili lina ugumu wake: gharama ya ubao ni ndogo mno kuombewa ufadhili.